Daftari la Sensa Si Nasaba: Uhakiki Mfupi kutoka Bonde la Ruzizi

Makala hii inakusudia kuhakiki rai inayosikika mara kwa mara miongoni mwa wasomi wetu: kwamba anayetafuta asili ya ukoo wake Lubarika, au kwingineko katika teritwari ya Uvira, aamini kwanza daftari la sensa, na masimulizi ya wazee yawe nyongeza tu. Rai hiyo inasahau kuwa daftari nalo ni matini, lina mwandishi na lina kusudi.

Tuanze na kusudi. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, orodha za vijiji zilihudumia kodi na kazi. Aliyehesabiwa kwa makini ni mwanamume mzima mwenye nguvu. Sensa ya 1984, ambayo ndiyo sensa kuu ya kitaalamu ya mwisho nchini, ilitangaza jumla ya watu takriban milioni 30. Jumla haitaji babu wa mtu.

Suala la pili ni lugha. Jibu la mzee wa Kifuliiru lilipitia Kiswahili, likaishia katika tahajia ya Kifaransa. Ndiyo maana jina la kabila lenyewe limeandikwa Bafulero, Bafuliru na Bafuliiru. Anayefuata herufi moja tu atampoteza babu yake. Vilevile, ndugu wa kiume wa baba naye ni baba. Aliyelelewa na baba mdogo, akamtaja kuwa baba yake, hakusema uongo. Safu ya daftari ndiyo iliyokuwa finyu. Tena, watoto wa mtu mmoja hawakulazimika kuchangia jina la ukoo, na mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipopigwa marufuku, mtu yuleyule aliweza kuonekana kwa majina mawili tofauti.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Sheria ya uraia ya 1981 ilidai mhenga wa kabila lililokuwamo nchini tarehe 1 Agosti 1885, mwaka ambao mipaka yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa ikitangazwa na hapakuwa na sensa yoyote. Sheria ya 2004 ilisogeza kipimo hadi uhuru wa 1960. Katika bonde ambako swali la nani mwenyeji limekwisha kumwaga damu, kulifanya daftari kuwa hakimu pekee ni hatari.

Hata hivyo, hatusemi madaftari yatupwe. Masimulizi nayo yana kasoro zake: vizazi hurukwa, na nasaba huweza kunyooshwa kwa ajili ya shamba. Linalopasa ni kuvisoma vyote viwili sambamba, kila jina likiulizwa nani aliliandika, kwa lugha gani, na kwa faida ya nani. Na shangazi, ambaye karani hakumuuliza, aulizwe sasa angali hai.