Hofu si Toba

Iko sinema ya mwaka 1954 iitwayo La Paura, maana yake Hofu, kazi ya Roberto Rossellini. Irene, anayechezwa na Ingrid Bergman, ana mume na watoto, tena ana hawara. Mwanamke mmoja, Johanna, anamjia: alipe fedha, la sivyo mume ataambiwa yote. Irene analipa, lakini anadaiwa zaidi, hata pete yake. Nasi watazamaji tunaingiwa na wasiwasi pamoja naye.

Baadaye tunapata kujua kwamba aliyemtuma Johanna ni Albert, mume mwenyewe. Kazi yake ni kujaribu dawa kwa wanyama. Sasa anamjaribu mkewe, ili woga umlazimishe kuungama. Kumbe woga huo unamfikisha karibu na kujiua.

Hapo ndipo uzuri wa sinema hii: kosa la mke halifunikwi, wala la mume. Lakini mwishoni wanakumbatiana upesi mno, kana kwamba uchungu wote umekwisha mara moja.

Sisi wenye ndoa hapa Bunia tujiulize: mwenzangu akiwa na neno zito moyoni, atathubutu kuniambia? Anayetaka kuambiwa kweli, aache kwanza vitisho.