Uliza nasaba kabla ya kushika mkasi

Mwenye bustani hupogoa miwaridi yake yote siku moja, kwa kimo kimoja. Miezi miwili baadaye mmoja umejaa maua, jirani yake una majani matupu. Atalaumu mbolea au maji, wakati jambo lenyewe limo katika nasaba ya mimea hiyo.

Kazi ya David Austin, mkulima wa Albrighton nchini Uingereza, inalieleza vizuri. Mawaridi ya kale ya Ulaya yalimvutia kwa petali tele na harufu nzito, ila mengi huchanua mara moja kwa mwaka. Ya kisasa yalichanua miezi mingi, lakini mengi yalipungukiwa na harufu. Akataka sifa zote katika mche mmoja. Akachavusha ‘Belle Isis’, la kale, na ‘Dainty Maid’, la kisasa. Mwaka 1961 akatoa ‘Constance Spry’, waridi kubwa la pinki lenye harufu ya manemane. Zuri ajabu, lakini likachanua mara moja tu kwa mwaka!

Sababu yake ni hii. Uwezo wa kuchanua tena na tena uliletwa na mawaridi ya China, yaliyofika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18. Mwaridi wa kale una jeni inayozuia maua nje ya msimu. Katika ule wa China, kipande cha DNA kimejipachika ndani ya jeni hiyo na kuivuruga, hivyo kila chipukizi huishia kwenye ua. Mtoto akirithi jeni nzima upande mmoja, kizuizi hubaki, na ile iliyovurugika hujificha. Watafiti waliibainisha jeni hiyo mwaka 2012. Austin alikuwa na miche mingi, macho makali na subira. Alichavusha uzao wake tena na mawaridi yanayorudia kuchanua, akabakiza miche iliyorudia kama wazazi hao. Mwaka 1969 akatoa ‘Wife of Bath’ na ‘Canterbury’, na 1983 ‘Graham Thomas’ la manjano, ambalo kwangu ndilo lililothibitisha hesabu yake.

Sasa mkasi. Mwaridi unaorudia huchanulia matawi mapya, kwa hiyo kata bila huruma, hata nusu ya kimo. Usiorudia hubeba maua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Ukiyakata mapema, umekata maua yenyewe. Huo hupogolewa maua yakishaisha. Waridi la Jabal Akhdar kule Oman, linalotengenezewa marashi, ni la kundi hili: huchanua majira ya machipuko peke yake, baada ya baridi ya milimani. Kwa bustani za Limuru au Lushoto, ambako hakuna majira ya baridi kali ya kuuamsha mmea, mimi ningechagua yanayorudia.

Ukinunua mche, kabla ya kuuliza rangi, uliza kama unarudia. Muuzaji asipojua, usiutie mkasi mwaka wa kwanza; uache, kisha utazame maua yametoka tawi jipya au la zamani.