Chini ya Ulimi Kuna Sinema: Hadubini Inayoonyesha Nusukaputi Inavyogusa Kapilari

Jamani, zinaonekana! Chembe nyekundu za damu, ndani ya mishipa ambayo mingine ni myembamba kuliko chembe zenyewe, hata kila moja inajikunja ndipo ipenye. Zinafuatana kama siafu, zinakata kona, zinatoweka, na nyingine zinakuja. Na damu hiyo ni yangu! Nimekaa kitini, nimeinua ulimi, macho nimeyakodolea skrini. Sindano sikuchomwa, dawa ya rangi sikupewa.

Kifaa chenyewe, Cytocam, ni hadubini ya mkononi yenye gramu 120 hivi, na ncha yake inamulika mwanga wa kijani. Kwa nini kijani? Hapa nilitaka kupiga vigelegele. Kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 548 hivi, himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyokwisha kuitoa hufyonza mwanga kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo kila chembe nyekundu inatokea nyeusi, iwe inakwenda au inarudi, na nyama inayoizunguka inang'aa. Akili iliyoje!

Marcello Malpighi aliziona kapilari, yaani mishipa hiyo myembamba, mwaka 1661, lakini kwenye mapafu ya chura. Za binadamu zilikuja kutazamwa kwenye ukingo wa kucha. Njia ya kuzifuata hadi mdomoni, na hata juu ya ubongo wakati wa upasuaji, ilitangazwa mwaka 1999, na Can Ince na wenzake wa Amsterdam wakaendelea kuinoa.

Ila utamu wenyewe uko thieta. Mgonjwa akilazwa kwa nusukaputi, mashine inasoma presha, mapigo ya moyo na oksijeni ya kidoleni. Sawa, lakini oksijeni hukabidhiwa kwenye kapilari, na huko presha haikupeleki. Propofoli, dawa ya nusukaputi, hulegeza mishipa, presha inashuka, mtaalamu wa usingizi anatoa dawa ya kubana mishipa, namba inapanda, watu wanashusha pumzi. Kapilari nazo zimerudi kazini? Si lazima!

Mwaka 2008 madaktari wa Brussels walichapisha walichokiona chini ya ulimi wa wanawake waliopewa propofoli wakati wa kuvunwa mayai ya uzazi. Mishipa iliyo mipana kidogo iliendelea na safari zake; kapilari zinazopitisha damu ndizo zilizopungua, kisha zikarejea baada ya dawa kuondoka mwilini. Na hapo ujue kwamba kwenye ngozi mambo huwa kinyume: mishipa hupanuka, damu hujaa, mkono unapata joto huku kiini cha mwili kikipoa. Dawa moja, mwili mmoja, majibu mawili! Ndiyo maana kipimo cha leza cha mtiririko wa damu, cha kubandika kwenye ngozi, kinachotoa namba tupu, hakinitoshi tena. Nataka kuona.

Kasoro? Zipo, na nyingine zinaudhi. Ukibonyeza kidogo tu, unaisimamisha damu kwa mkono wako mwenyewe, halafu unadhani ni dawa. Mate yanaingilia. Mgonjwa mwenye mpira wa kupumulia mdomoni hakuachii nafasi kubwa. Filamu zenyewe ni fupi, sekunde 20 hivi, tena inabidi uchukue sehemu kadhaa. Kisha mtu huketi kuzipa alama: 0 damu imesimama, 1 inakatikakatika, 2 inajikokota, 3 inatiririka. Hebu fanya hivyo kwa macho wakati mgonjwa anasubiri! Programu za kuhesabu zenyewe zipo, na kwangu mimi hizo ndizo zitakazoamua kama kifaa hiki kitatoka mikononi mwa watafiti.

Kwa sasa siwezi kumshauri daktari abadilishe dozi kwa sababu ya filamu moja. Lakini kwenye chumba cha utafiti, au kwa anayewafundisha wanafunzi wa usingizi kwa nini presha nzuri haitoshi, nasema kinunuliwe. Na mtengenezaji, tafadhali: tuwekee kishikilio cha kutuliza ncha, maana mkono wa binadamu unatetemeka!