Njia panda 8 za Blackett

Mwaka 1919 Ernest Rutherford alitangaza kwamba chembe za alfa zikirushwa ndani ya gesi ya naitrojeni, protoni huchomoka. Alichokiona ni vimweko vya mwanga kwenye skrini ya zinki salfaidi, si mgongano wenyewe. Likabaki swali: alfa ikishaing'oa protoni, yenyewe huenda wapi? Kama inapita zake, vitu vinavyotoka ni vitatu: alfa, protoni na kiini kilichopungua.

Swali hilo lilimwangukia Patrick Blackett, ofisa wa zamani wa jeshi la wanamaji, katika maabara ya Cavendish mjini Cambridge. Alitumia chemba ya ukungu aliyoibuni C.T.R. Wilson: hewa yenye mvuke hutanuliwa ghafla, ikapoa, na matone yakajipanga palipopita chembe yenye chaji. Mstari mweupe unaobaki hupigwa picha.

Kwangu mimi, ufundi mkubwa hapa ni pembe za kamera, hata kuliko wingi wa picha. Picha moja hudanganya, kwa sababu mstari unaomwelekea mpigaji huonekana mfupi na pembe yake hupotoka. Kwa hiyo kila mgongano ulipigwa kutoka pande mbili zinazokutana kwa nyuzi 90, kisha pembe halisi zikakokotolewa. Chemba ya kujiendesha ilianza kujengwa na Mjapani Takeo Shimizu kabla hajarudi kwao, na wengi wanaosimulia kisa hiki humruka.

Sasa hesabu. Momenta ni tungamo mara velositi, na ina mwelekeo. Momenta yote ya alfa inayokuja imo kwenye mstari wa ujio wake. Pembeni ni sifuri. Basi baada ya kugongana, ya kushoto na ya kulia lazima zifutane. Tuseme protoni imetoka kwa nyuzi 70 upande huu, na kiini kwa nyuzi 10 upande ule. Momenta ya protoni mara 0.94 italingana na ya kiini mara 0.17, yaani kiini kimebeba mara 5.4 ya protoni. Ukiongeza sharti la mstari wa ujio, protoni inapata asilimia 18 ya momenta ya alfa, na kiini asilimia 95. Jumla inapita 100, na ni sawa kabisa: momenta hazijumlishwi kama shilingi.

Hakuna mahali tulipouliza nishati. Katika mgongano wa kudundana tu, nishati ya mwendo nayo haipungui, na pembe peke yake hutoa uwiano wa tungamo. Alfa ikigonga kiini cha heliamu, kinacholingana nayo, viwili hivyo huachana kwa nyuzi 90. Kiini kikibadilika, nishati ya mwendo hubadilika pia. Momenta haiguswi.

Blackett alikusanya picha 23,000 hivi, zenye njia za alfa zaidi ya 400,000. Njia panda zilizoonekana zilikuwa za kudundana, isipokuwa 8. Katika hizo, tawi moja lilikuwa refu na jembamba, la protoni. La pili fupi na nene, la kiini. La tatu halikuwapo. Mbishi angesema limejificha. Lakini alfa ina chaji, haipiti bila kuacha ukungu. Tena, vitu viwili pekee vikitoka, njia zote tatu, ya kuingia na mbili za kutoka, lazima zilale kwenye bapa moja, maana momenta inayochomoza nje ya bapa haina cha kuisawazisha. Cha tatu kikitoroka kimyakimya, bapa hilo huvunjika, labda itokee bahati.

Kwa hiyo alfa ilimezwa. Tungamo 14 ya naitrojeni jumlisha 4 ya alfa toa 1 ya protoni ni 17. Chaji 7 jumlisha 2 toa 1 ni 8, na chaji ya 8 ni oksijeni. Blackett alichapisha matokeo hayo mwaka 1925. Oksijeni ya 17 ilikuja kugunduliwa katika hewa ya kawaida mwaka 1929.