Sanaa ya Kumnyima Mteja

Nani hubaki nyumbani saa sita mchana? Nyumba ni yako au umepanga, na kama umepanga, mwenye nyumba ameridhia? Uzio una urefu gani, na chini yake pana zege au udongo mtupu? Mbwa wako wa mwisho aliishi miaka mingapi, na nini kilimuua? Daktari wake wa mifugo ni nani, na unakubali apigiwe simu? Ikitokea mmeachana wewe na mwenzako, mbwa atabaki na nani?

Anayeuliza si ofisa uhamiaji. Ni mtu mwenye mali ya kuuza, na anayetakiwa kujibu ni mtu mwenye fedha mfukoni. Marekani na Uingereza, mfugaji makini wa mbwa wa nasaba humtumia anayetaka mtoto wa mbwa fomu ya kurasa kadhaa kabla bei haijatajwa. Fomu ikirudi, hufuata simu ndefu. Baada ya simu huja mwaliko wa kwenda kuwaona mbwa wakubwa, na wakati mwingine mfugaji mwenyewe, au mwenzake anayeishi karibu, huenda kuitazama nyumba. Taabu yote hiyo ikiisha, jibu laweza kuwa hapana.

Wafanyabiashara husema mteja ni mfalme. Huku mteja ni mposaji. Barua imepokewa kwa adabu, wageni wamenyweshwa chai, lakini wazee hawajasema kitu. Kwanza watu watatumwa mtaani kuulizia kijana anashinda wapi, ana madeni kwa nani, na ndugu zake wanaishije na wake zao. Mfugaji naye anajua kwamba siku ya kukabidhi ikipita, hatakuwapo kuona mlango unafungwaje.

Basenji ni mfano mzuri wa kwa nini maswali ni mengi hivyo. Asili ya mbwa huyu ni Afrika ya Kati. Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na barabara, Wambuti wanaowinda kwa nyavu huwafunga mbwa wao kengele za mti shingoni, kwa sababu mbwa hao hawabweki kama wengine na bila kengele mwindaji hajui wako wapi. Ni mbwa mdogo, kilo kumi au kumi na moja, kimo chake begani sentimita arobaini na kitu. Mkia umejikunja juu ya kiuno, paji la uso lina mikunjo ya mtu anayefikiri sana, na akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka, nusu wimbo nusu lalamiko. Hujilamba hadi awe safi na hana harufu ya kukera.

Mtu akisoma sifa hizo akiwa ghorofani Chicago au Manchester huona amepata mbwa aliyeumbwa kwa ajili yake: mdogo, msafi, kimya. Mfugaji anaijua nusu ya pili ya habari. Basenji bado ni mwindaji. Huwinda kwa macho na kwa pua, na akimwona kindi ng'ambo ya barabara, jina lake halisikii tena. Hupanda uzio wa waya kwa kucha. Akiachwa peke yake siku nzima bila kazi, hugeukia kochi. Maswali juu ya uzio na saa sita mchana yametokana na makochi yaliyoraruliwa na mbwa waliogongwa na magari.

Tena hawapatikani ovyo. Majike wengi wa mbwa hupata joto mara mbili kwa mwaka. Jike wa basenji kwa kawaida hupata mara moja tu, mara nyingi majira ya vuli. Mimba huchukua siku zipatazo 63, kwa hiyo watoto wengi huzaliwa karibu na Desemba na huwa tayari kuondoka Februari. Anayemtaka kwa zawadi ya Krismasi amejitoa kwenye orodha mwenyewe. Wanaobaki husubiri mwaka, na huko kusubiri nako ni mtihani. Mtu aliyeona mbwa kwenye filamu Jumamosi na kumtaka Jumatatu hafiki mbali. Mwaka 1996 filamu ya mbwa wenye madoadoa, 101 Dalmatians, ilipotoka upya, Wamarekani wengi walikimbilia kununua dalmatian, na haukupita muda mrefu vituo vya mbwa wasiotakiwa vilianza kuwapokea wakiwa wameshakua, wana nguvu, na hawakufundishwa kitu.

Fomu yenyewe si ufundi. Yeyote anaweza kunakili fomu. Ufundi ni masikio. Mtu anaandika kwamba ana uzoefu mkubwa, amefuga mbwa sita. Mfugaji anamwacha asimulie, na baada ya dakika ishirini inajitokeza kwamba hakuna aliyefikisha miaka mitatu: mmoja aligongwa, mmoja alipewa binamu, wawili walipotea, wengine hakumbuki vizuri. Mwingine hajawahi kufuga hata kuku, lakini amekwisha kuulizia gharama za daktari, na anataka kujua afanye nini na mbwa iwapo yeye mwenyewe atalazwa hospitali ghafla. Kwenye karatasi wa kwanza ameshinda. Mtoto wa mbwa atakwenda kwa wa pili.

Mfugaji mzoefu husikiliza pia aliye kimya. Mke anazungumza kwa furaha, mume yuko pembeni anaangalia simu. Basi mume ataombwa aje, na watoto waje, hata bibi anayeishi chumba cha nyuma aje, kwa kuwa mbwa ataishi na wote na mmoja asiyemtaka anatosha kuharibu. Wakifika, mfugaji hawahubirii. Anawafungulia mlango mbwa wakubwa na kutazama. Mbwa akimrukia baba na kuacha nyayo za matope kwenye suruali nyeupe, sekunde mbili zinazofuata zina majibu ambayo fomu haikuweza kuyapata.

Kuchagua nyumba hakuishii hapo, kwani watoto wa mimba moja hawafanani. Mwaka 1965 John Paul Scott na John Fuller walichapisha kitabu cha utafiti walioufanya kwa miaka mingi Jackson Laboratory, Bar Harbor, katika jimbo la Maine. Walitumia aina tano za mbwa, na basenji alikuwa mmojawapo. Walionyesha kwamba kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi ndipo mtoto wa mbwa anapojifunza ni viumbe gani awahesabu kuwa jamaa zake. Akikosa watu katika wiki hizo, atawaogopa ukubwani. Nusu ya kwanza ya muda huo iko mikononi mwa mfugaji, na nusu ya pili iko mikononi mwa mnunuzi. Anayemchagua mnunuzi anachagua nani ataimaliza kazi aliyoianza yeye.

Ndiyo maana wafugaji wengi huwapima watoto wakifika wiki saba. Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha Jack na Wendy Volhard. Mtoto mmoja mmoja hupelekwa mahali asipopajua, kwa mtu asiyemjua. Anaitwa: anakuja au anatoroka? Analazwa chali kwa upole: anapambana, anatulia, au anapambana kisha anatulia? Sufuria inaangushwa: anakimbia, au anakwenda kuinusa? Alama huandikwa, lakini mfugaji huzisoma pamoja na wiki saba za kukaa nao jikoni. Mnunuzi alikwisha kumpenda yule mwenye shingo nyeupe aliyemwona kwenye picha. Mfugaji anampa mwingine, yule mtulivu wa rangi ya kawaida, kwa kuwa nyumba ina watoto wadogo na mwenye shingo nyeupe anahitaji mtu wa kukimbia naye kilomita tano kila asubuhi. Wapo wanaonuna na kuondoka. Mfugaji huwaacha waende.

Wanaobaki hupewa mkataba. Wengi hutakiwa kumhasi mbwa au kumfunga kizazi. Marekani, mfugaji anaweza kumwandikisha mtoto kwa American Kennel Club kwa usajili wenye mipaka, hata akija kuzaa watoto wake wasisajiliwe. Kifungu kizito kuliko vyote huwa kifupi: siku yoyote, kwa sababu yoyote, usipoweza kuendelea na mbwa huyu, mrudishe kwangu. Hata akiwa na miaka kumi. Hata akiwa mgonjwa.

Mbwa mashuhuri kuliko wote waliopitia mlango huo ni Bo. Usiku wa ushindi wake, Novemba 2008, Barack Obama aliwaambia binti zake mbele ya umati wa Chicago kwamba watahamia Ikulu na mbwa. Malia ana mzio, hivyo ilitafutwa aina isiyopukutisha manyoya sana, na familia ikamwelekea mbwa wa maji wa Kireno. Bo alizaliwa Texas Oktoba mwaka huohuo, akapelekwa nyumba nyingine kwanza. Huko hakupatana na mazingira, akarudishwa kwa aliyemzalisha. Seneta Ted Kennedy, ambaye mbwa wake walitoka kwa mfugaji huyohuyo, ndiye aliyemtoa zawadi. Kabla ya kukabidhiwa, Bo alipelekwa Ikulu kwa siri ili yeye na familia watazamane. Akahamia Aprili 2009, akiwa na miezi sita, akaishi na akina Obama hadi alipokufa Mei 2021. Angekuwa ameuzwa na mtu asiyepokea simu baada ya fedha kuingia, wale wa kwanza wangempeleka wapi?

Sheria nayo imeanza kuingia, ila kwa upande mmoja. Mwaka 2013 jike mmoja wa aina ya Cavalier King Charles, aliyekuja kuitwa Lucy, aliokolewa kutoka shamba la kuzalisha mbwa huko Wales, mwili umechakaa kwa kuzaa. Jina lake ndilo limebebwa na sheria iliyoanza kutumika England tarehe 6 Aprili 2020: mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita hauzwi na dalali; atanunuliwa kwa aliyemzalisha, akionekana na mama yake, au atachukuliwa kituo cha kuokoa wanyama. Sheria hiyo inamlinda mnunuzi asiuziwe mbuzi kwenye gunia. Haimuulizi mnunuzi kama ana uzio. Nairobi, ambako kibao cha Mbwa Kali kimepigiliwa kwenye mageti mengi, watoto wa mbwa huuzwa hata kando ya barabara, na mapatano huishia dirishani pa gari. Kote huko, swali la huyu mbwa anakwenda kuishi vipi lina mtu mmoja tu wa kuliuliza, naye ndiye anayepoteza fedha akiliuliza.

Ufundi huu una ubovu wake pia. Wapo wafugaji waliogeuza fomu kuwa ukuta: asiye na nyumba yake hapati, anayeshinda kazini kutwa hapati, mwenye miaka sitini na tano hapati, asiye na ua hata asijisumbue kujaza. Waliokataliwa hivyo hawaachi kutaka mbwa. Wanakwenda kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye swali lake pekee ni namba ya kadi ya benki, na shamba la kuzalisha mbwa linapata mteja mwingine. Fundi hasa hauulizi ua kwa ajili ya ua. Anajua kwamba mbwa akifungiwa nje peke yake, hata uwanja uwe mkubwa kiasi gani, atalala mlangoni akisubiri watu. Anajua pia kwamba basenji wa ghorofa ya nne mwenye bwana anayekimbia kila alfajiri amekamilika. Kwa mzee hatampa mtoto wa wiki nane. Atampa jike wa miaka sita aliyemaliza kuzaa.

Iko sababu nyingine ya kuchuja watu, na wafugaji wa basenji waliijua kwa uchungu. Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno. Jozi iliyofikishwa Uingereza mwaka 1895 ilikufa kwa ugonjwa wa distempa, na ni katika miaka ya 1930 tu ndipo uzao ulishika. Uhaba huo wa damu ulifuatwa na Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaozifanya figo zimwage kwenye mkojo sukari na virutubisho vilivyopaswa kurudi mwilini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi Zaire kutafuta mbwa wapya, na mwaka 1990 daftari la nasaba likafunguliwa kuwaingiza. Lakini Fanconi huwa na hila: kwa kawaida hujitokeza mbwa akiwa na miaka minne hadi saba, na kufikia umri huo amekwisha kuzaa.

Bandani kwake mfugaji asingeweza kuiona. Alihitaji watu ambao kila mwezi wangechovya kwenye mkojo wa mbwa kijikaratasi cha kupimia sukari, kilekile wanachotumia wagonjwa wa kisukari, na ambao siku rangi ikibadilika wangempigia simu badala ya kuona aibu au kutafuta wakili. Kipimo cha vinasaba kilipopatikana mwaka 2007 kutoka Chuo Kikuu cha Missouri, mfugaji aliweza kumpandisha mbwa mwenye nakala moja ya kasoro na asiye nayo, bila kuzaa mgonjwa na bila kuutupa ukoo mzima. Utafiti wa namna hiyo huhitaji sampuli za mbwa wagonjwa na wazima wa damu moja, nasaba zao, na umri ugonjwa ulipoanza. Maabara hazifugi mbwa hao. Wako kwenye makochi ya watu, miji mbalimbali, na anayejua kila mmoja yuko kwa nani, na kwa namba ipi atapatikana, ni yule aliyewahoji.