Kibanda Badala ya Kituo cha Umeme: Uhakiki wa Filamu ya The French Democracy

Makala haya yanahakiki The French Democracy, filamu ya uhuishaji ya takriban dakika 13 iliyotungwa na Alex Chan mwaka 2005. Filamu hiyo ni mfano wa machinima, yaani sanaa ya kutengeneza filamu kwa injini ya mchezo wa kompyuta. Mtunzi hachori wahusika. Huwachagua waliomo mchezoni, akawaelekeza na kuwarekodi. Chan alitumia The Movies, mchezo ambao mchezaji huendesha studio ya Hollywood.

Kiini cha filamu ni vifo vya vijana wawili wa Clichy-sous-Bois, Ufaransa, waliopigwa na umeme tarehe 27 Oktoba 2005 walipojificha katika kituo cha umeme wakiwakimbia polisi. Vifo hivyo vilizusha ghasia katika vitongoji vya Paris na miji mingine. Badala ya kuishia kwenye magari yanayoungua, Chan anaonyesha yaliyotangulia moto: upekuzi wa polisi, kunyimwa kazi na dharau za kila siku. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kazi yake. Mtu mmoja, bila studio wala mfadhili, alitoa jibu wiki chache tu baada ya tukio.

Hata hivyo, wepesi huo una gharama. Mandhari yaliyokuwamo mchezoni yanafanana zaidi na New York kuliko Paris, na kituo cha umeme kimewakilishwa na kibanda. Lugha nayo imehama: mazungumzo ya Wafaransa yanasomwa katika manukuu ya Kiingereza. Wapo watakaosema kuwa huo ni upungufu wa kiufundi tu. Hoja hiyo haitoshi. Kituo cha umeme ni mahali ambapo mtu haingii ila amezidiwa na hofu. Kibanda ni mahali pa kujisitiri. Kwa badiliko hilo, mtazamaji ananyimwa kipimo cha hofu ya vijana wale, ambayo ndiyo hoja kuu ya filamu.

Kwa wanaopanga sera za lugha na utamaduni katika ukanda wetu, funzo ni kwamba kutoa kompyuta na mafunzo hakutoshi. Mtunzi wa filamu ya Kiswahili atahitaji pia hazina ya mandhari, mavazi, ishara za mikono na sauti za kwetu, iliyo wazi kwa watunzi wote. Bila hazina hiyo, Kiswahili kitabaki kuwa manukuu chini ya picha za miji ya wengine.