Kubebeka kwa Mabega ya Nani? Uhakiki wa Neno "Mpakato"

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki riwaya na tamthilia. Neno moja moja tunawaachia wanaisimu, kana kwamba neno peke yake halina dhamira. Katika makala haya nitahakiki neno moja tu: mpakato, kama linavyotumika katika "kompyuta mpakato". Hoja yangu ni kwamba neno hili linawashinda wapinzani wake, na linawashinda kifasihi kabla hatujafika kwenye mambo ya istilahi.

Kwanza tuangalie asili yake. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani na kumshika asianguke. Kitenzi hiki ni ndugu wa fumbata, kamata na ambata, vitenzi ambavyo vyote vinaeleza mgusano. Tena hakiko peke yake katika shughuli ya kubeba. Mtoto wa mgongoni au kiunoni huelekwa, na kutokana na tendo hilo tumepata mbeleko. Mzigo wa kichwani hutwikwa. Wa begani, mtu huupagaa. Ndiyo maana tuna mpagazi, na ndiyo maana aliyepandwa na pepo tunasema amepagawa: amegeuzwa yeye kuwa mbebaji. Kila kitenzi hapa kina mwili ndani yake. Ukisikia kitenzi tu, unajua mzigo umekaa wapi.

Sasa wapinzani. Wa kwanza ni kipakatalishi. Hili limechukua pakata likaliunganisha na mkia wa tarakilishi. Kichwa chake kinaeleweka, lakini mkia je? Muulize mtu yeyote pale kituo cha basi "-lishi" maana yake nini. Atadhani unazungumzia chakula! Mpakato, kwa upande wake, limeundwa kwa njia ile ile iliyotupa mchezo kutoka cheza na mkato kutoka kata. Halihitaji mkalimani.

Mpinzani wa pili ndiye wa hatari zaidi, kwa sababu anaonekana hana neno: "rahisi kubebeka". Tunalikuta kwenye matangazo ya biashara, kwenye tafsiri, hata kwenye insha zetu wenyewe. Kisarufi halina kosa. Lakini tuitazame hiyo kauli ya kutendeka. Nikisema "mzigo unabebwa na hamali", hamali yumo ndani ya sentensi. Nikisema "mzigo unabebeka", hamali katoweka. Wepesi umekuwa sifa ya mzigo wenyewe, kana kwamba mizigo huzaliwa miepesi au mizito bila kujali iko juu ya nani.

Wahenga hawakudanganyika hivyo. Walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yaani wepesi uko kwenye mdomo wa anayetazama, si kwenye shingo ya anayebeba. Kompyuta ya Osborne 1, iliyotoka mwaka 1981, iliuzwa kama kompyuta ya kubebeka, nayo ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi. Kubebeka na nani, jamani?

Wako watakaosema nakuza jambo dogo. Sikubali, kwa sababu historia yetu ya kubeba si ndogo. Pembe za ndovu za bara zilifika pwani mabegani mwa watu. Wapagazi hao wamo katika maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, lakini msimulizi ni mwenye msafara, si mwenye bega. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918) Waingereza waliunda kikosi cha wachukuzi Waafrika, na maelfu yao walikufa. Jina la kikosi kile tumelilainisha likawa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Leo tunakwenda pale kununua nyanya na viatu, na waliobeba hatuwasikii tena ndani ya jina. Lugha inaweza kumsahau mbebaji mchana kweupe. Basi mwandishi anayechagua kitenzi anachagua pia nani aonekane.

Hoja nzito dhidi yangu ni kwamba mpakato nalo ni mwangwi wa Kiingereza, maana huko pia jina la kompyuta hii limetokana na mapaja. Ni kweli, wazo limetoka huko. Lakini Kiingereza kimetaja mahali: juu ya mapaja. Kiswahili kimetaja tendo, na tendo lenyewe ni la mlezi. Mwingine atasema mashine hii mara nyingi hukaa mezani, haipakatwi. Sawa, lakini hata mtoto hapakatwi kutwa nzima. Na wa tatu ataniambia watu mtaani wanasema laptopu, basi yaishe. Mtaa huo huo, bwana, ndio unaosema "simu ya kiganjani" bila kungoja baraza lolote. Watu hawajapoteza mazoea ya kutaja mwili. Sisi wasomi ndio tunaokimbilia "kubebeka".

Sidai kwamba kitenzi kizuri kinampunguzia mtu mzigo. Nadai tu kwamba kinamweka mbebaji mbele ya macho yetu. Kwa hiyo nawaomba wenzangu mnaoandika hadithi na mnaotafsiri: mkifika kwenye mzigo, msiridhike kusema unabebeka. Semeni umetwikwa, umeelekwa, umepakatwa au umepagazwa, na mseme ni nani. Wahadhiri wetu nao, wanaposahihisha kazi zetu, wamuulizie huyo mbebaji pale tunapomsahau.